Nilimwambia Angoje Namba Nne

Mjukuu wangu anasema dunia nzima inagombana juu ya filamu ya Lori namba saba. Kuna wanaosema ndiyo nzuri kuliko zote, na kuna wanaotaka walioitengeneza wafungwe. Hata sisi wanawake watano wa Rongai, wenye magoti mabovu, tuligombana sebuleni kwangu mpaka chai ikapoa. Lakini ugomvi wetu haukufanana na wa hao wengine, na aliyeuleta ni mimi. Nauandika hapa kwa sababu mimi ni mtu anayejulikana kwa kusema ukweli. Watoto wangu waliogopa kunidanganya hata juu ya kijiko cha sukari. Kanisani, ufunguo wa stoo wamenipa mimi.

Lori si jina la filamu yenyewe. Jina lake lilikuwa la Kizungu na hakuna aliyelijali. Sisi tuliiita Lori kwa sababu ya lori, na stering wake, yule mchezaji mkuu, tulimwita Dereva. Hiyo ilikuwa Elburgon, wakati msumeno wa kiwanda cha mbao ulikuwa ukilia kutoka asubuhi mpaka jioni na kila nyumba ilikula kwa sababu ya lori. Mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na banda la video. Kuta zake zilikuwa mabanzi ya kiwandani, viti vilikuwa magogo yaliyopasuliwa katikati, na jenereta ilinguruma nje. Mimi nilikuwa kwenye pembe, na jiko langu na sufuria ya chai. Watu waliniita Mama Chai. Bado wananiita hivyo.

Wanaume walikuwa na siku zao. Jumapili baada ya kanisa ilikuwa yetu, wanawake na watoto wachanga mgongoni. Kizungu hatukujua. Mimi niliacha shule darasa la tatu nikalea wadogo zangu. Lakini kufikia Jumapili nilikuwa nimeiona filamu mara tatu nikipika chai, kwa hivyo waliniuliza mimi.

"Mama Chai, hapo anasema nini?"

Nami nilisema. Nilitazama uso wa mtu, mkono wake, jinsi anavyofunga mlango, kisha nikasema alichosema. Sikuwahi kujibu kwamba sijui. Watu wazima walikuwa wamenigeukia na macho yao yote, nami nikaona ni aibu kuwarudisha mikono mitupu.

Katika Lori namba moja, majambazi wanachoma nyumba ya Dereva na bibi yake aliyemuoa yuko ndani. Moshi unajaa kila mahali. Polisi mmoja anamwambia Dereva neno, na Dereva anapiga magoti. Baadaye yuko peke yake barabarani, anaendesha, na bibi anatokea akiwa na nguo nyeupe, anatabasamu, halafu hayupo. Nikawaambia wanawake: ametoka kwa mlango wa nyuma, amekimbilia kwa wazazi wake, anamngoja huko. Dereva hajui walikohamia, ndiyo maana anazunguka. Wakapiga makofi. Na kila namba mpya ilipofika, nguo nyeupe ilipotokea, nilisema, "Sasa yuko karibu kumpata."

Mlango kwa mlango na mimi alikaa mwanamke ambaye mpaka leo tunaitana jirani. Mume wake aliendesha lori ya mbao. Jumatatu moja aliondoka na mzigo wa kwenda Eldoret, na hakurudi. Lori ilipatikana hapa Rongai, imeegeshwa vizuri kando ya barabara, mbao zote ziko juu na kamba haijaguswa. Mtu hayuko. Wengine walisema ana nyumba nyingine huko magharibi. Wengine walisema mambo mabaya zaidi. Jirani aliendelea kufua mashati ya mume wake, akayakunja, akayaweka. Na Jumapili alikuja bandani, akakaa gogo la mbele, akangoja ile nguo nyeupe.

Ilipokuja Lori namba tatu, binti yangu wa kwanza alikuwa amefunga shule. Alikuwa sekondari na Kizungu alikijua. Alinisaidia kumimina chai, akatazama kidogo, akaninong'oneza sikioni.

"Mama, mbona unawaambia huyo mwanamke yuko? Alikufa. Amesema sasa hivi, marehemu mke wangu. Alikufa kwa ule moto."

Nilimwambia, "Peleka vikombe."

"Lakini Mama..."

"Nimesema vikombe."

Akapeleka. Mimi nikageukia wanawake na nikawaambia Dereva amesema atafika kwa wakwe kabla ya mvua.

Mwezi huohuo karani wa kiwanda alikuja kwa jirani. Alikuwa mjane, mtu mpole, wa kufuta viatu kabla ya kuingia. Alikuja na dada yake na kuku wawili, akaongea kwa heshima kwamba anataka kumuoa na kulea watoto wake. Jirani alimwambia ampe siku chache. Kesho yake tulikuwa mtoni tukifua, yeye na mimi peke yetu, akaacha kufua.

"Jirani, wewe unaonaje?"

Nilijua anauliza nini. Alikuwa ameamka vizuri siku hiyo, amefunga kitambaa kipya kichwani. Alitaka nimwambie aende. Nafikiri hivyo mpaka leo. Na mimi, kwa sababu sikuwa nimezoea kusema jambo kama hilo bila mzaha, nilicheka nikamwambia, "Ngoja kwanza tuone namba nne."

Akacheka na yeye. Tulicheka mpaka sabuni ikaponyoka ikaenda na maji.

Halafu akarudisha kuku.

Namba nne ilichelewa miaka. Karani alioa mwalimu wa chekechea, wakahamia Njoro. Nilisikia ana wajukuu. Baadaye msitu ukafungwa, viwanda vikanyamaza, banda likawa kuni. Mume wangu na mimi tulipata shamba hapa Rongai. Mwaka uliofuata jirani naye akaja. Alisema ni kwa sababu ya mahindi, udongo ni mzuri. Alichukua kipande kinachotazama barabara, si mbali na pale ile lori ilipatikana. Sikumuuliza, na yeye hakunieleza.

Sasa huyu mjukuu wangu, binti ya binti yangu, anafanya kazi Olkaria kwenye mitambo ya mvuke. Akiwa na mapumziko anakuja kwangu na TV yake kubwa anaifunga ukutani. Aliposema kuna Lori mpya, namba saba, baada ya miaka yote hiyo, niliita wale tuliobaki kutoka bandani. Tukawa watano. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiswahili, na mjukuu akawa anatusomea kwa sauti.

Dereva amezeeka. Nywele nyeupe, anapanda lori akishikilia mlango kama sisi tunavyopanda kitanda. Anayeendesha sasa ni msichana. Na karibu na mwisho, msichana anasimamisha lori kwenye makaburi, Dereva anashuka, anavua koti lake anaweka juu ya jiwe. Mjukuu akasoma: "Miaka thelathini umelala hapa, na mimi sijawahi kukuaga."

Sebule yangu ililipuka kwa kelele.

"Kaburi la nani hilo?" Huyo alikuwa yule mwenzetu mnene, ambaye alikuwa mpishi wa kiwanda na sauti yake haijawahi kupungua. "Bibi yake amekufa lini? Sisi tulikuwa wapi?"

"Wameharibu," akasema mwingine. "Kwanza huyo msichana. Kucha ndefu vile, atabadilisha gia na nini?"

"Acheni wivu. Mimi nimempenda. Tumechoka kutazama wazee, si tunajitazama kila siku kwenye kioo?"

"Wewe ulipenda hata namba tano, ile ya mbwa. Huna maana."

"Wamemuua bibi ya watu ili wamalize haraka," mpishi akasema. "Hawa wapya hawajui hadithi. Mama Chai! Sema wewe, wewe ndiye unayeijua."

Walinigeukia wote, vilevile kama zamani. Jirani pia. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Nikasema, "Wameharibu. Hawa wapya hawajui hadithi."

Mjukuu wangu alinitazama. "Shosho, lakini hata namba moja..."

"Lete chai."

"Chai iko hapa, shosho."

"Basi ipashe moto."

Aliinuka, akaenda. Nilimtazama mgongo wake akiingia jikoni, na nikamwona mama yake na vile vikombe.

Aliporudi, jirani alimwita akae karibu naye. "Mama, hebu tuambie, huko kwenye simu watu wanasema nini? Na wao wamekasirika?"

"Manze, shosho, ni vita." Akafungua simu, akawa anasoma na kucheka. Mmoja anasema msichana hawezi kuwa Dereva. Mwingine anamjibu arudi kwa mama yake. Mmoja amelia kwa sababu sauti ya injini si ile ya zamani. Mwingine anataka namba tatu irudiwe upya. Mmoja anasema koti halikuwa la rangi ile.

"Na bibi yake?" jirani akauliza.

"Bibi yake amefanyaje?"

"Wanasema nini juu ya bibi yake kufa?"

Mjukuu akasogeza kidole juu, juu, juu. "Hakuna, shosho."

"Tafuta vizuri."

Akatafuta. "Hakuna mtu amesema juu ya huyo."

"Wamegombania koti," jirani akasema. "Wamegombania sauti ya injini. Na hakuna hata mmoja, dunia nzima, ameuliza huyu mwanamke amekufa lini."

Aliweka kikombe chini polepole. Alinitazama muda wa kutosha, kisha akasema kuku wake hawajapewa maji, akachukua fimbo yake akaondoka. Wale wengine waliendelea kubishana juu ya kucha.

Siku mbili sikula vizuri. Mjukuu alikuwa amerudi Olkaria bila kuniuliza kitu, na hilo liliniuma kuliko kama angeniuliza. Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta amekaa kwenye gunia anapukuchua mahindi. Sikungoja anikaribishe. Nilikaa nikachukua hindi na mimi, na nikamwambia yote: kwamba Kizungu sikujua, kwamba nilikisia, kwamba mwanamke alikufa mwanzoni kabisa.

Hakuacha kupukuchua. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Neno lilikuwa hapo mdomoni. "Namba tatu," nikasema. "Binti yangu aliniambia."

"Namba tatu ndiyo mwaka wa karani."

"Ndiyo."

"Kabla ya mtoni au baada?"

"Kabla."

Punje zilikuwa zikianguka kwenye beseni.

"Uliniambia ningoje namba nne."

"Nilikuwa nafanya mzaha, jirani."

"Najua ulikuwa mzaha. Mimi si mjinga." Akachukua hindi lingine. "Sikumkataa karani kwa sababu ya filamu, usijipe ukubwa huo. Lakini nilikuja kwako kutafuta mtu mmoja wa kuniambia nisingoje. Mmoja tu. Wote walikuwa wakininong'ona nyuma, na wewe ndiye ulikuwa wa kusema mambo mbele ya uso wa mtu."

Nilitaka kumwambia pole. Nikaisema, na ilikuwa ndogo, na yeye aliiacha ianguke hapo pamoja na magunzi.

Nilipoinuka kwenda akasema, bila kunitazama, "Yule mjukuu wako akirudi, aje na namba moja. Asome yeye. Wewe utapika chai."

Ilichukua wiki mbili. Jumapili hiyo tulikutana tena wote watano, na mpishi alikuwa amekuja tayari kwa vita, maana alikuwa amesema kanisani kwamba namba moja itawaonyesha hawa wapya hadithi ni ipi. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na birika. Picha ilikuwa ndogo na chafu kuliko nilivyoikumbuka. Nyumba ikawaka. Moshi ukajaa. Polisi akamsogelea Dereva, akavua kofia, na mjukuu akasoma:

"Pole sana, ndugu. Tulimkuta. Alikuwa ameshakufa."

"Rudisha," jirani akasema.

Mjukuu akarudisha. Akasoma tena. Jirani akaomba mara ya tatu, akasomewa mara ya tatu, kwa sauti ileile.

"Haya. Endelea."

Hakugeuka kunitafuta. Niliona tu kitambaa chake cha kichwa na mabega. Lori ikaingia barabarani, Dereva peke yake ndani, na baada ya kona ile nguo nyeupe ikatokea, ikatabasamu. Hapo hawakuongea, kwa hivyo hapakuwa na maandishi ya kusoma. Mdomo wa yule mwanamke ulitikisika kidogo, bila sauti.

Mpishi, kwa mazoea ya miaka, akageuka kwenye kiti. "Mama Chai, hapo anasema nini?"

Birika lilikuwa zito mkononi.

"Sijui," nikasema.

Nilishangaa neno lenyewe lilivyokuwa jepesi. Hata Elburgon lingekuwa jepesi hivyohivyo.