Jina Nililolikwangua

Mwanangu, keti nikusimulie Jumamosi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika shavu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka Tanga kumfuata kaka yangu hapa Birmingham. Siku za kazi nilifua mashuka ya hospitali kule Edgbaston. Jumamosi mchana nilipiga santuri kwenye ukumbi mmoja wa Handsworth, karibu na Soho Road. Ndiyo, mimi huyu mwenye kanga mabegani. Funga mdomo, inzi ataingia.

Muziki wenyewe ulikuwa house. Juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba huo ni muziki wa Wazungu, nikacheka peke yangu jikoni. Walioubuni ni vijana weusi wa Chicago, wengi wao watu wasiotakiwa kwenye kumbi za wengine. Walikutana katika ghala kuukuu lililogeuzwa ukumbi wa dansi, na watu husema jina la house lilitokana na ghala hilo, maana ghala kwa Kiingereza ni warehouse. Hawakuwa na bendi. Walichukua mashine za ngoma ambazo wanamuziki wakubwa walizidharau, wakakaa nazo majumbani mwao mpaka zikadunda kama moyo wa mtu anayekimbia. Muziki ukavuka bahari ukaja huku, vijana wa Kiingereza wakapagawa. Ukafika Afrika Kusini ukazaa na kujukuu. Hiyo amapiano unayotupigia kwenye harusi ni mjukuu wake, kwa hiyo ukiucheza, cheza kifua mbele.

Sasa, sisi wapiga santuri tulikuwa na desturi yetu ya choyo. Katikati ya santuri pana karatasi ya duara yenye jina la wimbo na la mwenyewe. Ukipata wimbo ambao wenzako hawana, unabandika karatasi nyeupe juu yake, mpinzani akichungulia asisome kitu. Mimi nikaona kubandika hakutoshi. Nilikuwa na santuri moja, ngoma na kinanda, na mwanzoni kabisa mwanamume anacheka kicheko kirefu cha kukatikakatika. Nikailowesha karatasi yake, nikaikwangua kwa kucha mpaka ikatoka yote.

Watu waliupenda wimbo ule ajabu. Wakauita wimbo wa Mwanaidi, yaani mimi, nami sikukanusha. Aliyeuliza umetoka wapi nilimjibu ni wa hapa hapa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na langu lilikuwa limebaki maji matupu.

Jumamosi hiyo aliingia mama mmoja kumchukua binti yake. Jina lake Loretta, Mmarekani mweusi aliyeolewa huku, akikaa Castle Vale. Ndipo nikauweka wimbo ule. Kicheko kiliposikika, alisimama katikati ya wachezaji, mkono kifuani, kisha akanijia. Akaniambia anayecheka ni mdogo wake Wendell, wa Chicago, na kwamba alikuwa amefariki. Wendell aliwahi kumwandikia dada yake kuwa ametoa santuri kwa jina la kubuni, kama walivyofanya wengi, ila hakumtajia jina lenyewe. Tangu msiba dada mtu alikuwa akitafuta. Aliomba nimwonyeshe jina tu, apate kuzitafuta na nyingine alizoacha.

Nikamwonyesha. Katikati palikuwa patupu, pana mikwaruzo ya kucha zangu. Na jina nilikuwa nimelisahau, maana sikuwahi hata kulisoma vizuri.

Hakupaza sauti. "Sauti yake uliipenda," aliniambia. "Jina lake lilikukosea nini?"

Nililia mbele za watu, mwanangu. Nikampa santuri aende nayo, akakataa. Alitoa kalamu mkobani, akaandika "Wendell" pale patupu, akanirudishia. "Ipige," akasema. "Lakini mtaje kwanza."

Nikashika kipaza sauti, nikawaambia wote kwamba wimbo si wangu, ni wa marehemu, na dada yake ndiye huyu. Baadaye tulizunguka maduka ya santuri mji mzima, mimi na yeye, na lile jina la kubuni hatukulipata. Loretta amekufa bila kuzisikia nyimbo nyingine za mdogo wake. Hilo linaniuma hata sasa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe unakata vipande vya nyimbo za watu kwenye simu yako, unaviunganisha vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na wala sikukatazi. Muziki hukua kwa kupita mikono mingi. Ila kabla hujaandika jina lako, andika la aliyekutangulia, hata kama hakuna anayekuuliza, hata kama watu wameshazoea kuuita wako.

Mola akupe sikio jema na mkono mwepesi. Na siku dada wa mtu atakapokujia akikuuliza huyu ni nani, akujaalie uwe na jina la kumpa.