Ukuta ya Jikoni na Jua la Ijumaa

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, hiyo miaka ya tisini tukikaa Uriri, siku nyumba yangu ilitaka kunilalia. Weka hiyo simu chini. Hii ni tamu.

Nilikuwa mke kijana, na kesho yake, Sabato, ilikuwa zamu yangu kulisha watu wa kanisa. Lakini jikoni yangu! Sufuria ikiingia, mimi natoka. Kati yake na sebule kulikuwa na ukuta ya matope, nene kama ng'ombe ya kwetu Ogwedhi. Nikajiuliza, hii ukuta inanisaidia na nini? Iende! Wageni wakae huku, mimi nipakue huku, tuonane macho. Baba watoto na wanaume wengi walikuwa wameenda mnada, nikataka akirudi ashangae.

Sasa sisi wa Sabato, jua la Ijumaa likizama, kazi imekwisha. Nilikuwa nimeshapika kila kitu, na jua bado liko juu ya miti. Nikaona nafasi. Nikamwita shemeji yangu Odhiambo aje na jembe. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini jua likikufukuza utafanyaje?

Tulipiga hiyo ukuta, mwanangu, tukiimba! Ikaanguka nusu. Halafu juu nikasikia kwiii, kama mlango ya zamani. Msumari ukaruka, pa! Boriti kubwa ya katikati ikaanza kushuka, na mabati ikainama nayo. Kumbe ile boriti ilikuwa imelala juu ya ukuta yangu miaka yote, na mimi napaka udongo tu, sijawahi kuangalia juu.

Odhiambo alitoka nje kabla ya vumbi. Mlangoni akagongana na mama mkwe wangu, aliyekuwa anafika kutoka Homa Bay na samaki wake.

"Odhiambo, unakimbia nani?"

"Mama, paa inaanguka!"

"Paa bado iko hapa, na miguu yako imeshafika Homa Bay. Rudi!"

Mama akaingia, akaangalia juu, akaangalia lile shimo, akaniangalia mimi. Kwa Waluo mke anaitwa kwa jina la kwao, Nyar, yaani binti wa mahali fulani. Akaniambia polepole, "Nyar Ogwedhi, kabla umpige mtu, si unamuuliza kwanza amebeba nini?"

Yawa! Hayo maneno yaliniingia kuliko vumbi. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa na ukuta, nikajitafutia ufa.

Wakati huo akina mama wa kanisa wakawa wanafika na vyakula vyao vya kuniongezea kesho. Wakaona boriti, wakaona jua. Limegusa miti. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Dada, Sabato inaingia." Wote wakasimama na sufuria kichwani. Mimi nikaanza kulia. Nyumba inaenda, na siwezi kuwaambia watu wavunje Sabato kwa sababu ya kiburi yangu.

Mama mkwe alikuwa Mkatoliki. Akafunga leso kiunoni. "Mimi jua lenu halinihusu, nitainua peke yangu. Lakini hata nyinyi mmesoma: ng'ombe akianguka shimoni siku ya Sabato, si mnamtoa? Basi huyu ng'ombe yuko juu, na anatuangukia!"

Kicheko kilichotoka hapo! Sufuria zikawekwa chini. Huko kwetu mwanamke anapaka ukuta, paa ni ya wanaume. Jioni hiyo paa ilitujua. Odhiambo akaleta miti ya blugamu iliyokatwa ikalala nyuma ya nyumba, wengine wakaweka mabega chini ya miti miwili mirefu, Mama akiita, "Nyanyua! Nyar Ogwedhi, sukuma kama unazaa!" Boriti ikapanda kidogo, ikapanda tena. Tukaingiza miti yenye panda chini yake, na jiwe bapa chini ya kila mti. Tukaachilia polepole.

Ikakaa. Haikulia hata kidogo. Tulipiga vigelegele mpaka jirani akadhani nimejifungua!

Kesho yake wageni walikula katikati ya nguzo kama watu wako msituni. Mzee wa kanisa aliegemea moja nikamwambia, "Mzee, hiyo usiegemee, hiyo inafanya kazi." Baba watoto aliporudi alishika kichwa, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Fundi akaja akaweka nguzo nzuri kila upande na boriti mpya, ndipo ukuta iliyobaki ikatolewa kwa utaratibu. Nikapata jikoni pana kuliko zote Uriri, na wanawake walikuja kuiona wakisema, "Hii paa tuliibeba sisi!"

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi kubomoa. Vijana lazima mbomoe, si mtabanana na sufuria mpaka lini? Lakini kitu ulichokuta kimesimama, iwe ukuta, iwe desturi, iwe mzee mkali wa nyumbani, kiulize kwanza kimebeba nini. Weka nguzo kwanza, ndipo upige. Na ukikosea, usifiche. Ita watu ukiwa bado na paa.

Mungu akupanulie mahali pako, mwanangu, meza yako isikose mtu, na mabega ya wenzako yasiwe mbali nawe. Enda na baraka zangu.