Dudumizi wa Mwezi wa Sita

"Nyamizi kanunuliwa," Philomena alisema kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa. "Kanunuliwa mzimamzima, mama Mboje, na wala hawakumpandisha kwenye mzani."

Minza alikuwa ameketi kwenye kigoda akimnyonyesha Mboje. Akauliza kanunuliwa na nani.

"Na hawa wanunuzi wapya wa pamba, nani mwingine? Nenda kituoni kwao ukasikilize kile kipaza sauti. Sauti ni yake. Anaimba dudumizi analia, mvua hiyo, halafu hapohapo pamba imepasuka, ileteni. Ndege wa mvua gani huyo analia mwezi wa sita, na vumbi lote hili? Kundi la ngoma la Mwandoya limeshamtungia wimbo wa kumjibu. Jumapili wanakuja kushindana naye, wamvue nguo uwanjani."

Minza akamhamishia mtoto titi la pili. Lakini moyo ulikwisha kuanza kumchemka.

Angesingiziwa kuiba kuku, Nyamizi angecheka tu. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Mwamanyili aliyeolewa hapa Nkoma, akafiwa na mume, akabaki na jembe na sauti. Msimu wa kulima ukifika yeye ndiye manju wa kundi la bugobogobo: ngoma mbele, shamba hadi shamba, majembe yakipanda na kushuka kwa kufuata koo lake. Minza alilima naye tangu alipoolewa, na aliona jambo ambalo wengi hawakulitazama. Nyamizi hakuimba kitu asichokiona kwa macho yake. Siku moja mwenzao mmoja alitunga ubeti wa ng'ombe aliyefiwa na ndama, eti anatiririkwa na machozi mpaka asubuhi. Nyamizi akasimamisha ngoma katikati ya tuta.

"Machozi umeyaona wapi wewe? Ng'ombe aliyefiwa hulamba udongo pale ndama alipokuwa akilala. Imba hivyo."

Wakaimba hivyo. Minza mwaka ule alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza. Aliliinamia jembe ili uso wake usionekane.

Si kwamba Nyamizi hakujua mzaha. Katika nyimbo zake alimvika fisi suruali akampeleka ukweni kuposa, na watu wakashika mbavu. Lakini mvua hakuifanyia mzaha. Dudumizi akiingia kwenye wimbo wa Nyamizi, watu walikwenda kutoa mbegu ndani.

Mchana ule Nyamizi mwenyewe akatokea, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi.

"Mwadila, mayu," Minza alimsalimu kama mama yake.

"Leo sina mwadila. Mbebe mtoto twende."

Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba na ushirika kulegea, kila njia panda ilikuwa na mzani wake. Huu waliouendea ulikuwa chini ya bati jipya, kipaza sauti kimefungwa kwenye nguzo. Minza alisimama, Mboje amelala mgongoni, akasikiliza. Dudumizi analia, mama toa mbegu. Kisha kikasikika kitu kama kijiti kinachovunjika, na papo hapo pamba ikapasuka nyeupe. Hapo akaelewa. Wimbo ulikuwa umekatwa. Walichukua kichwa chake na mkia wake wakaviunganisha. Kupunguza miche, palizi, wadudu, mgongo kuuma, vyote havipo.

Karani wa kituo, Method, kijana nadhifu aliyeletwa kutoka Mwanza, akainuka. "Shikamoo, mama. Wimbo wako unapendwa sana."

"Nani alikwambia uukate?"

"Ulikuwa mrefu. Na tulipokuja kurekodi wakati wa kulima ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali mpige nilichokiimba."

"Sasa ndege ana ubaya gani? Huyo ni pambo tu, mama yangu. Huu ni wimbo, si taarifa ya hali ya hewa. Hakuna mtu atakayepanda pamba leo kwa sababu ya kaseti."

Wapakiaji waliokuwa juu ya marobota wakacheka. Minza aliona kwamba neno la karani lina ukweli ndani yake, na hilo likamzidishia hasira.

"Hawatapanda," Nyamizi alisema polepole. "Watacheka, kama hawa wanavyocheka. Halafu dudumizi akilia kweli, nami nikiwaambia, watasema huyo ana kitu anauza. Ulimchukua ndege wangu akiwa hai, sasa unanirudishia manyoya."

"Kaseti imetoka makao makuu, mama. Mimi hapa nawasha na kuzima tu."

"Basi zima."

Method akatazama mzani wake. Hakuzima.

Minza hakuwahi kumpandishia sauti mtu mwenye kalamu. Alishtuka kujisikia akisema, "Kaka, hapo ulipokata ndipo tulipokuwa tumeinama sisi. Mimi nilipalilia na huyu tumboni."

Mboje akaamka akaanza kulia. Karani akamwita mteja anayefuata.

Njiani Nyamizi alitangulia, visigino vikigonga ardhi kama anaiadhibu. Walipofika kwenye mabua ya pamba ya shamba la kwanza akasimama.

"Jumapili watanitupia huyo dudumizi usoni. Nikijibu, watasema muuzaji anatetea duka lake. Manju aliyeitwa mwongo hajisafishi kwa mdomo wake mwenyewe. Ndivyo tulivyoikuta ngoma hii. Husimama mtu aliyelima naye."

Minza akamkaza mtoto mgongoni. Alijua ni wangapi waliolima naye, na wangapi sasa walikuwa wanacheka.

"Mume wako anauza pamba pale kwa Method?"

"Anauza."

"Atakasirika?"

"Atakasirika, mayu."

Nyamizi akamfungua Mboje mgongoni kwa mama yake, akamlaza begani kwake, akampangusa kamasi kwa ncha ya kitenge.

"Jumapili nipe mimi nimbebe huyu," alisema. "Wewe shika jembe uingie uwanjani. Uuimbe wote, toka dudumizi anapolia mpaka pamba inapopasuka, na palizi usiiruke."