Siku Niliyomwamkia Sista

Sista mkuu wa shule yetu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru wa Mwembesongo, kwa hiyo tulikuwa watani. Yeye mtawa, mimi Mwislamu na ushungi wangu, nimekuja kufundisha jiografia nikakuta bosi ambaye nina haki ya kumtukana. Kila asubuhi aliingia ofisi ya walimu akaniuliza kama leo nimeteremka mlimani kwa makalio. Nilimwita mpagazi, nikamwonyesha rundo la madaftari, nikamwambia abebe, ndiyo kazi ya babu zake. Kwa umri alikuwa sawa na mama yangu, lakini sikuwahi kumpa shikamoo. Hizo niliwaachia wanafunzi na walimu wasio na bahati ya utani.

Corona ilipofunga shule, wasichana waliondoka na matranka yao siku hiyohiyo. Kidato cha sita waliporudi kufanya mtihani, shule sikuitambua. Bakuli la maji ya baraka kwenye mlango wa kanisa lilikuwa kavu, pembeni yake imewekwa ndoo ya koki na sabuni, na wasichana kwa mazoea walinawa kisha wakafanya ishara ya msalaba kwa vidole vyenye povu. Misa ilihamia uwanja wa netiboli. Pale walipozoea kupeana mikono ya amani, sasa waliinamiana. Sista, ambaye zamani hakumpita msichana bila kumshika mashavu, alisimama mikono nyuma, hajui aipeleke wapi.

"Mluguru, kaa hukohuko," aliniita kutoka ng'ambo ya uwanja. "Nyie sabuni mmeijua juzi."

Nikamjibu kwamba corona ikimwona uso wake itageuza irudi ilikotoka. Angalau hilo halikubadilika.

Haikupita wiki, yeye ndiye akaugua. Akahamia mwenyewe nyumba ya wageni, mwisho wa kiwanja, chini kabisa ya mlima. Chakula kiliachwa barazani. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Ofisini tulisema "changamoto ya kupumua" kwa sauti ndogo, na mwalimu akipaliwa na chai wenzake wanahama viti. Nilikasirishwa na woga huo, wangu ukiwemo.

Nikaenda kumjulia hali. Nilisimama kwenye majani chini ya dirisha lake, na kupitia wavu nikasikia anavyovuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayepanda kilima, na mtu mwenyewe amelala kitandani. Maneno yote ya utani niliyokuja nayo yakayeyuka. Nikasema, "Shikamoo, Sista. Pole sana."

Kisha akauliza, taratibu, "Daktari amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Basi mbona unaniamkia?"

Wote waliomletea uji na tangawizi walimwambia atapona, na yeye aliwaamini. Heshima yangu ndiyo iliyomwambia kwamba anakufa. Kwa mtu mwingine yeyote shikamoo ni adabu. Kwake, kutoka kwangu, ilikuwa taarifa.

"Usiniamkie tena," alisema. "Hata siku wananifukia. Sitaki."

Tangu hapo nilikwenda kila baada ya vipindi kumtukana. Nilimwambia ainuke, mpagazi gani analala mchana. Nilimwambia uji wake nimeunywa mimi. Machozi yaliingia ndani ya barakoa na sauti nikaishikilia hivyohivyo. Siku moja kiranja mkuu alipita na ndoo ya maji, akasikia, akasimama. "Mwalimu, jamani, Sista anaumwa," alisema, ananitazama kama sina utu. Kutoka ndani ikaja sauti nyembamba: "Mwache huyo. Ni Mluguru, hakulelewa." Nilifurahi nikataka kumkumbatia kiranja, nikakumbuka kwamba haturuhusiwi.

Kesho yake walimpeleka hospitali. Alirudi ndani ya sanduku lililofungwa, limebebwa na watu wasiojulikana waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Masista wenzake hawakuruhusiwa kumgusa. Wasichana waliimba kutoka uwanja wa netiboli, wamevaa barakoa, na wimbo ulitufikia makaburini umefifia.

Mazishi ya Mnyamwezi hayaendi bila mtani kusema neno, na pale mtani nilikuwa mimi tu. Padre alilijua hilo. Kabla ya udongo aliniangalia, akasogea pembeni kunipisha. Neno nilikuwa nalo, nililitengeneza njia nzima kutoka nyumbani: Mpagazi, leo umebebwa wewe. Najua angelipenda. Angelirudia ofisini mwezi mzima.

Nikafika ukingoni. Nikaliona lile sanduku pale chini, halina hata ua, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, Sista," nilisema.

Nikasimama pale nasubiri anigombeze. Nilisubiri mpaka Padre akaja kuniambia nisogee, wenye koleo wanataka kuanza.