Damu ya Fardosa

Nilipokuwa na miaka minane nilichunga mbuzi nje ya Buna pamoja na dada yangu Fardosa, aliyenizidi miaka miwili. Bibi yetu, tuliyemwita Ayeeyo, hakuchoka kutuonya: "Jua likizama msikae kwenye kichuguu. Kina wenyewe, na wanakunywa damu." Mimi niliogopa. Fardosa alikipanda kila jioni, maana kutoka pale juu aliwaona mbuzi wote.

Kiangazi kile akashikwa na homa isiyokwisha. Viganja vyake vilipauka, pua ikawa inatoka damu, tumbo likafura upande wa kushoto. Majirani wakasema wenye kichuguu wamemwingia. Akaletwa mzee mmoja, akamchoma tumboni kwa chuma cha moto, mara nne. Vidonda vilivuja damu siku tatu. Nikikumbuka ukelele wake, hasira hunipanda hadi leo.

Na zahanati je? Mara tatu Hooyo, mama yetu, alimpeleka. Mara tatu akapewa vidonge vya malaria.

"Daktari, tumbo yake imefura. Pima damu, wallahi, pima damu," Hooyo alisihi kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Mhudumu hakuinua hata uso. "Mama, mpe mboga na maini. Nyinyi hamlishi watoto."

Hamlishi! Hooyo, aliyelala njaa ili sisi tushibe!

Mwishowe mjomba alitupakia kwenye lori la mifugo hadi Garissa. Huko mama mmoja wa maabara alipima damu, kisha akakaa chini, akamweleza Hooyo. Chembe zote za damu zilikuwa zimepungua: nyekundu zinazotia nguvu, nyeupe zinazopigana na maradhi, na zile zinazogandisha damu mtu akijeruhiwa. Chanzo kilikuwa kala-azar, ugonjwa unaoletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayejificha kwenye nyufa za vichuguu na kutoka jioni.

Fardosa alidungwa sindano kila siku, wiki baada ya wiki, akapona. Sasa ana watoto wake, na makovu manne.

Ayeeyo simlaumu. Aliijua hatari ilipokaa, hata kama hakujua jina lake. Ninaowalaumu ni wale waliosomeshwa jina hilo, wakaona wachungaji hawastahili kuambiwa, wakamwacha mama yangu akiomba tone moja la damu lipimwe kana kwamba anaomba sadaka.