Visahani Vinavyokata Kushoto

Kiwandani walimwita Bi Upepo, na jina aliloajiriwa nalo lilishasahaulika. Kazi yake ilikuwa kurusha. Ndiyo, kurusha, mtu mzima mwenye wajukuu analipwa kwa kurusha visahani vya plastiki kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda, kazi ambayo ukimweleza mkwe atadhani unamtania. Lakini visahani vyenyewe vilikuwa vya mchezo. Mchezaji hukirusha kisahani kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, na anayekinunua anataka kujua kitapinda upande gani kabla hajakiachia.

Kwa macho vyote ni kama vifuniko vya sufuria. Hewani, kila kimoja na tabia yake. Ukirusha kwa mkono wa kulia kutokea kifuani, kile kiitwacho kikaidi hukata kushoto mapema, hata ukibembeleze vipi. Kilegevu huanza kwa kupinda kulia kikiwa bado na kasi, kisha kikichoka hurudi. Kinyoofu huenda zake moja kwa moja, na mwishoni kabisa ndipo huinama kidogo kushoto. Siri iko kwenye ukingo: ukipanda au ukishuka kiasi cha unene wa ukucha, tabia imeshabadilika. Na plastiki ikitolewa kwenye kalibu inayoipa umbo kabla haijapoa vizuri, ukingo hujikunja unavyotaka.

Mwendesha kalibu alikuwa mdogo wake Bi Upepo, kitinda mimba wa mama yao. Dada ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki, akamwogesha, akamsomesha, mwisho akamwombea kazi hiyo. Sasa kila kundi la vinyoofu alilotoa mdogo wake lilikuwa likikata kushoto, naye Bi Upepo alikuwa akilikataa na kulirudisha likasagwe. Wenzake wakasema yule mama hana upendeleo, kazi kwake ni kazi. Sifa zile zilimkolea kidogo, tusifiche.

Mdogo wake alihangaika. Alipunguza moto, akaongeza muda wa kupoza, akafungua kalibu na kuisafisha mpaka mikono ikachubuka. Hakuna kilichosaidia.

"Dada, nimepima ukingo mwenyewe. Uko sawa kabisa."

"Ukingo unaweza kukudanganya. Kisahani kikiwa hewani hakidanganyi."

"Basi ni mimi nisiyejua kazi."

Bi Upepo aliinama kuokota kisahani kingine. Angeweza kumwambia neno la kumtia moyo, lakini bega lilikuwa linamuuma, na mtu anayeumwa huwa mchoyo wa maneno. Lilimuuma tangu baridi ianze. Alilichua kila asubuhi kwa dawa yenye harufu kali, akavaa sweta juu yake, na mtu akimuuliza anasema mafua. Mrushaji mwenye bega bovu ataambiwa apumzike nyumbani, na hilo la kupumzika nyumbani lilimtisha kuliko maumivu.

Kisha meneja akamwita, akamwambia bila kuzunguka: kundi la kesho likikataliwa, ndugu yako anapisha mwingine. Mke wa ndugu huyo alikuwa karibu kujifungua. Bi Upepo alitoka ofisini, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vipimo.

Humo huwekwa kisahani kimoja cha kila aina, kile kilichokubaliwa siku kalibu ilipoanza kazi. Huwa kinashikwa na kupimwa tu. Hakirushwi kamwe, kwa sababu kikigonga chini mara chache ukingo hulika na kuanza kulegea. Mwenye kulisimamia sharti hilo kiwandani alikuwa yeye mwenyewe. Alikichukua kinyoofu cha kipimo, akakificha ndani ya sweta, akaenda uwanjani.

Akauma meno, akarusha. Kikakata kushoto.

Akakifuata, akakiokota. Kisahani kile kilikubaliwa kuwa kinyoofu, na hakikutengenezwa na mdogo wake. Ndipo akakumbuka lile somo alilowafundisha wageni wote wa kazi: kisahani kikikosa kasi, kiwe cha aina gani, hukata kushoto. Mkono uliochoka hukifanya kila kinyoofu kuwa kikaidi. Alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwake, ila hakuwahi kudhani linaweza kumhusu yeye.

Asubuhi alimkuta meneja kando ya kalibu, mdogo wake naye amesimama, amekunja glavu zake mkononi kama mtu aliyekuja kuzirudisha. Bi Upepo alisema kila kitu papo hapo, kuanzia bega, dawa na mafua ya uongo mpaka kisahani cha kabatini.

"Vyote nilivyokataa vilikuwa vizima," alisema. "Mwacheni. Tafuteni mrushaji mwingine."

Meneja alisema watazungumza ofisini, akaondoka. Bi Upepo alimgeukia mdogo wake, akitegemea angalau ashushe pumzi.

"Bega limeanza lini?" mdogo wake akauliza.

"Tangu baridi."

"Na uliniona nikihangaika."

"Nilikuona."

"Mimi nimeshamwambia mke wangu kwamba sijui kazi," alisema taratibu. "Na nilikuwa naamini, kwa sababu ni wewe uliyekataa visahani vyangu."

Alivaa glavu, akafungua kalibu, akaanza kutoa visahani. Dada yake alibaki amesimama nyuma yake, lakini mdogo wake hakugeuka tena.