Kenya nilikula vizuri sana, ila kikombe kimoja cha maziwa kinaniuma mpaka leo

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimeona niandike, na nitaandika yaliyotokea tu, chumvi naiacha jikoni. Elimu yangu ni la saba, ufundi niliupatia kazini, kwa hiyo mtanivumilia nikizungukazunguka. Majina nimebadilisha.

Nafunga pampu za maji za sola. Nakaa Tanga. Kampuni ninayofanyia kazi ilipata mradi Kenya, kaunti ya Tana River. Tukavuka Horohoro, Mombasa, Malindi, hadi Garsen. Saiti yenyewe ilikuwa kijiji kimoja upande wa Kulesa.

Kisima kilikuwa kimeshachimbwa. Sisi kazi yetu ni kufunga pampu na paneli, kujenga bomba la watu, na birika la kunyweshea ng'ombe.

Kijiji kile kina Wapokomo, ambao ni wakulima, wako kando ya mto na migomba yao. Halafu kuna Waorma, wafugaji, wako juu kwenye tambarare. Wanauziana maziwa na mahindi, wanataniana, maisha yanaenda. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki mtu asome uzi huu akaondoka na picha mbaya ya upande wowote.

Sasa tuje kwenye msosi.

Jirani na saiti kulikuwa na kibanda cha Mama Maro, Mpokomo. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mama, naomba wali samaki."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Unaomba? Kwani huna pesa?"

"Ninayo, mama."

"Basi sema nipatie! Hapa tunaomba kanisani peke yake."

Kuanzia siku hiyo nikitokeza tu anapaza sauti, "Mwombaji amefika, mpisheni!" Kibanda kizima kinacheka.

Samaki wenyewe ni kambale wa mtoni. Mtu wa Tanga nimezoea changu na jodari, kambale nilimwona kama nyoka mwenye ndevu. Nikaonja kwa heshima tu.

Aisee.

Tui zito, ndimu, pilipili kwa mbali, na wali wa huko huko. Nilijiona niko nyumbani kwa mama yangu.

Basi bwana, nikahamia pale. Asubuhi chai na mahamri, mchana kambale, jioni kambale tena. Jumapili moja mume wake akanivusha kwa mtumbwi kwenda kuona shamba lao ng'ambo. Mto rangi ya udongo, viboko wametoa masikio na pua tu, ndege weupe wamejaa ukingoni kama nguo zilizoanikwa. Nikatia vidole majini, yule mzee akanigombeza: "Toa mkono! Mamba haulizi pasipoti."

Embe nilizokula siku ile sizisemi.

Nilikuwa na raha, wakuu. Sijui kama ni kosa mtu kufurahi kazini. Bado najiuliza.

Pale saiti tulikuwa na mlinzi, Wario, Muorma, rika langu. Tulikuwa tunaswali adhuhuri pamoja kwenye kivuli cha paneli. Mapema kabisa aliniambia, "Fundi, leo unakuja kwangu. Hawa ametia moshi kibuyu."

Hawa ni mkewe. Waorma kibuyu cha maziwa wanakifukiza kwanza kwa moshi wa kuni, maziwa yanakaa na yanapata harufu yake. Mgeni ndiye anaonja kwanza.

Tatizo, maziwa yananivuruga tumbo tangu utotoni. Nikaona haya kusema. Mwanaume mzima, kwa wafugaji, useme maziwa yanakushinda?

Nikajibu, "Kesho, inshallah."

Akarudia siku nyingine, nikasema kesho. Akarudia tena. Mwisho akacheka akasema, "Kesho yako ndefu kama barabara ya Hola." Hakuniita tena. Mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba yameisha.

Kumbe nilikuwa natazamwa. Fundi wa maji pale si mtu wa kupita. Anakokula kunaonekana, na birika lilikuwa bado halijapangiwa mahali. Wenyeji ndio walitakiwa kutuonyesha, kwenye kikao cha kijiji kizima.

Siku ya kikao wakulima walifika. Wafugaji hakuja hata mmoja. Tukangoja mpaka jua likawa kali, msimamizi wetu akasema tuendelee. Wakulima wakapendekeza karibu na bomba la watu: udongo mgumu, mabomba mafupi. Kiufundi palikuwa sawa, na sikuona mtu aliyedanganya. Ila hakukuwepo mtu wa kusema kwamba ng'ombe kufika pale lazima wapite katikati ya mashamba mawili ya migomba.

Zege likamwagwa.

Kiangazi kikakaza. Waorma wakati huo mifugo yao mingi huenda mbali kwenye delta, kule mto unakoingia baharini, ila ng'ombe wa kukamuliwa hubaki nyumbani kwa ajili ya watoto. Hao ndio waliletwa birikani. Wakapita, wakang'ata migomba. Ng'ombe ana kosa gani?

Mama Maro akanijia na jani lililotafunwa mkononi. "Fundi, hii ndiyo ada ya mtoto. Ninyamaze?"

Alikuwa na haki yake.

Nikamfuata Wario. "Kwa nini hamkuja kikaoni, ndugu yangu?"

"Kuja kufanya nini? Tumbo lako limeshahamia kwa wakulima. Sisi tukajua birika pia litahamia."

Nikamweleza habari ya tumbo langu, yote. Akasema, "Si ungesema, fundi? Hata ukigusa kibuyu na mdomo tu, inatosha. Mimi nilikuwa nawaambia wazee huyu ni mtu wetu sote. Wakaniuliza, amekunywa kwako? Nikakosa jibu."

Nilimwomba bosi tulihamishe birika. Akasema zege limekauka na fungu la mradi limeisha. Simlaumu, naye ana wakubwa zake.

Siku ya kuondoka nilienda kwa Wario bila kuitwa. Nilikuwa nimejiandaa kunywa, tumbo lifanye linalotaka.

Boma lilikuwa kimya. Wario alikuwa amewapeleka delta hata wale ng'ombe wa maziwa, ili asigombane na watu wa migomba. Hawa akaniwekea mkeka, akanitazama kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Fundi, samahani sana. Leo maziwa hakuna. Ng'ombe imeenda mbali."

Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ukutani, kikavu. Akanipa strungi, chai kavu isiyo na maziwa. Binti yao mdogo, meno bado hayajatimia, alikuwa ananyweshwa hiyo hiyo strungi.

Nilimaliza kikombe changu chote.

Wakuu, sisemi ningekunywa yale maziwa kila kitu kingenyooka. Labda kikaoni wasingekuja vilevile, labda najipa ukubwa nisio nao. Ila ukienda kwa watu kuwafanyia kitu cha wote, usile kwa mmoja tu eti kwa sababu kwake ni kutamu. Na kama kuna chakula kinakushinda, sema. Mtu akiambiwa ukweli anatafuta njia. Akiambiwa kesho, anahesabu.

Kambale wa Mama Maro namkumbuka bado, na ningempata leo ningemla.

Kama nimejilaumu kupita kiasi niambieni, na kama nimejipendelea pia msinifiche. Na kama humu kuna mtu wa Garsen au pande za Kulesa, naomba jibu moja tu, samahani, nipatie jibu moja tu: mvua imenyesha huko? Ng'ombe wa maziwa wamerudi?